Sura ya 6: Umri wa Kurudi Shuleni

Jumatatu ya tarehe 12 Oktoba 2020, baada ya karibu miezi saba ya shule kufungwa kwa sababu ya korona, serikali ya Kenya iliwaita madarasani watoto wa ngazi tatu tu: Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne. Waliosalia walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Ilikuwa kawaida basi, katika nyumba moja ya Ongata Rongai, mtoto wa miaka kumi kuamka na kuvaa sare, mdogo wake wa miaka saba akiendelea kuchora sakafuni, na dada yao wa miaka kumi na miwili, wa Darasa la Saba, akibaki na simu ya mama na vipindi vya redio. Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa wote watatu haki moja ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Kilichowatenganisha ni mtihani. Darasa la Nane lilikuwa na KCPE mbele yake, Kidato cha Nne kilikuwa na KCSE, na Gredi ya Nne ndiyo iliyokuwa kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, yaani CBC, kundi ambalo kila mtu alikuwa akilitazama.

Siku hiyo serikali ilijibu bila kukusudia swali ambalo sura hii inalifuata: kwa nini watoto wa umri fulani husomea nyumbani zaidi kuliko wa umri mwingine? Jibu la haraka huwa linaanzia kwa mzazi. Mmoja ana dini yake, mwingine ana hofu yake, wa tatu ana pesa zake, au hana. Hayo yote ni kweli, na yanaeleza kwa nini familia moja inachukua njia hii na jirani yake haichukui. Hayaelezi kwa nini familia ileile inamfundisha mtoto nyumbani akiwa na miaka sita na kumtafutia shule akifika tisa. Imani ya mzazi haibadiliki kwa miaka mitatu. Kinachobadilika ni masharti ambayo mfumo wa mitihani unamwekea mtoto wa umri huo.

Tuanze na hesabu, maana ndipo wengi wanapojikwaa. Kiwango ni sehemu yenye juu na chini. Chini wako watoto wote wa umri fulani katika eneo fulani. Juu wako wale kati yao wanaosomea nyumbani. Chini tunaweza kupafikia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 172,569 katika mji wa Ongata Rongai, 154,436 Kitengela, na 1,117,840 katika kaunti nzima ya Kajiado, na ikawapanga watu kwa umri. Tatizo liko juu. Takwimu za elimu za Kenya huanzia shuleni: mwalimu mkuu huingiza majina, na mfumo wa NEMIS, ulioanza kutumika 2017, umekuwa ukimpa kila mwanafunzi nambari yake kupitia shule aliyomo. Mtoto asiye na shule hana mlango wa kuingilia humo. Kwa macho ya mfumo, binti wa Nkoroi, kando ya Rongai, anayefundishwa sehemu na desimali na mama yake kila asubuhi, na kijana wa Mosiro anayechunga mbuzi tangu alfajiri, ni kitu kimoja: hawapo.

Kwa Kajiado hilo ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu kaunti hii ina aina mbili za watoto wasio shuleni, na kila aina ina umbo lake la umri. Katika maeneo ya wafugaji, kuelekea Magadi au Mosiro, mtoto wa miaka sita mara nyingi hukaa nyumbani kwa kuwa shule iko mbali na miguu yake bado ni mifupi. Huanza akiwa na miaka minane, pengine tisa. Baadaye, akikaribia kubalehe, hatari ya kuacha hurudi: msichana anaweza kuozwa, mvulana anaweza kufuata mifugo ukame ukizidi. Ukichora mstari wa wasio shuleni huko, unakuwa juu miaka ya mwanzo, unashuka katikati, kisha unapanda tena. Baraza la taifa la elimu ya wahamaji, NACONEK, liliundwa kwa ajili ya watoto wa aina hiyo, na shule za kuhamahama ni jaribio la kuushusha mwanzo wa mstari huo. Rongai ni habari nyingine kabisa. Mwandishi anayechanganya makundi haya mawili na kutangaza "watoto wa Kajiado wasio shuleni" anapika pilau na uji katika sufuria moja.

Nchi zenye hesabu zinasemaje? Uingereza sheria yake ya elimu ya 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anasoma, ama kwa kuhudhuria shule au kwa njia nyingine, na familia nyingi zimejenga maisha yao juu ya maneno hayo machache ya mwisho. Katika vuli ya 2024 watoto 111,700 hivi wa England walihesabiwa kuwa wanasomea nyumbani siku ya hesabu. Katika mwaka mzima wa masomo uliotangulia, waliopitia hali hiyo kwa wakati wowote walikuwa kama 153,300. Tofauti ya namba hizo mbili ni somo lenyewe: kusomea nyumbani si nyumba ya kudumu, watoto huingia na kutoka. Tukipanga kwa umri, mstari wa England unapanda. Watoto wadogo ni wachache, idadi inaongezeka baada ya miaka 11 wanapoingia sekondari, na miaka ya karibu na mtihani wa GCSE ndiyo yenye wengi. Wazazi wakiulizwa sababu, afya ya akili ya mtoto hutajwa mara kwa mara.

Marekani mstari haupandi hivyo. Utafiti wa kaya unaofanywa na kituo cha takwimu za elimu cha nchi hiyo ulikadiria wanafunzi 850,000 mwaka 1999, yaani asilimia 1.7, na karibu milioni 1.5 mwaka 2019, asilimia 2.8. Katika vipindi hivyo vyote madarasa ya chini na ya juu hayakutengana sana. Mzazi wa huko anaweza kuanza chekechea na kumaliza darasa la 12 bila kukutana na ukuta, kwa kuwa kila jimbo lina sheria yake na vyuo vikuu vimezoea kupokea waliosomea nyumbani. Korona iliongeza idadi ghafla: ofisi ya sensa ilipata kaya asilimia 5.4 zenye watoto wa umri wa shule zikifundisha nyumbani majira ya kuchipua ya 2020, na asilimia 11.1 vuli ileile. Kwa kaya za Wamarekani weusi ilikuwa kutoka 3.3 hadi 16.1. Katikati ya uchunguzi huo swali lilibidi lifafanuliwe, maana wazazi walikuwa wakijibu ndiyo kwa sababu tu mtoto yuko mezani anamsikiliza mwalimu wake wa kila siku kwenye kompyuta. Huyo bado ni mwanafunzi wa shule, ila kiti chake kimehama.

England unapanda, Marekani uko karibu tambarare. Kenya, kwa masharti yaliyopo, mstari hauna budi kushuka, angalau hadi miaka ya katikati.

Fuata njia ya mtoto wa Rongai. CBC ilianza nchini kote Januari 2019, kuanzia chekechea hadi Gredi ya Tatu. Katika ngazi hizo za chini hakuna mtihani wa taifa unaobeba alama za mtoto kwenda mbele. Kuanzia Gredi ya Nne mambo yanageuka. Shule hupewa kazi za tathmini na KNEC, baraza la mitihani la taifa, watoto huzifanya, walimu husahihisha na kuingiza alama kwenye tovuti ya baraza. Alama za Gredi ya 4, 5 na 6 zilipangiwa asilimia 60, na mtihani wa KPSEA mwishoni mwa Gredi ya 6 asilimia 40. Halafu sekondari msingi: katika jumla ya mwisho wa Gredi ya 9, KPSEA hubeba asilimia 20, tathmini za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na mtihani wenyewe wa KJSEA asilimia 60. Jumla hiyo ndiyo inayompeleka mtoto sekondari ya juu na kumpa mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo.

Chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4, ulioanza 1985, mtoto aliyefundishwa nyumbani kwa miaka saba angeweza, kwa juhudi za mzazi na kituo kilichokubali kumpokea, kufika Darasa la Nane na kuukabili mtihani mmoja. KCPE, ambayo ilifanywa mara ya mwisho 2023, haikujali ulikuwa wapi mwaka uliopita. Ilikuwa kali, ilikuwa na dhuluma zake, lakini haikuwa na kumbukumbu. Mtaala wa umilisi una kumbukumbu ndefu. Uliletwa ili kumpunguzia mtoto mzigo wa mtihani mmoja wa kufa na kupona, nia ambayo mimi naiunga mkono, na katika kufanya hivyo ukaisogeza siku ya kusajiliwa shuleni kutoka miaka 13 hadi miaka 9 hivi. Sijaona mahali ambapo jambo hilo lilijadiliwa kama sera. Lilitokea tu, kama zao la pembeni la namna alama zinavyokusanywa.

Kabla ya Gredi ya Nne, basi, ndipo elimu ya nyumbani ya Rongai ina nafasi ya kupumua, na sababu za eneo lenyewe zinaisukuma. Mji huu ulikua kasi kuliko shule zake za umma. Pengo likajazwa na shule za kibinafsi za kila bei, kutoka zile zenye mabasi ya manjano hadi zile za mabati nyuma ya kanisa. Mzazi anayefanya kazi Nairobi anajua Magadi Road ilivyo asubuhi: mtoto wa miaka mitano anapandishwa kwenye gari la shule gizani, anasinzia hadi Bomas, na jioni anarudi akiwa amesinzia tena. Kitengela hali ni hiyohiyo, ila barabara ni ya Namanga na wanaogombea lami ni malori. Mzazi akipiga hesabu ya karo, usafiri, sare na chakula cha mchana kwa ajili ya mtoto anayejifunza silabi na kuhesabu hadi mia, anaanza kujiuliza analipia nini hasa.

Halafu kuna kile ambacho mtaala wenyewe uliwafunza wazazi. Miaka ya mwanzo ya CBC ilijaa kazi za nyumbani ambazo mtoto hawezi kuzifanya peke yake: piga picha, chapisha, kata, gundisha, tengeneza sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Waliopitia wanakumbuka saa nne za usiku wakitafuta duka la kuchapisha. Malalamiko yalifika hadi mahakamani mwaka 2021, wakili Esther Ang'awa alipoushtaki mtaala huo. Lakini katika nyumba chache malalamiko yalizaa wazo: kama mimi ndiye ninayefundisha usiku, kwa nini nisifundishe mchana? Korona nayo ilikuwa imewapa karibu miezi kumi ya majaribio, na shule nyingi za kibinafsi hazikufunguliwa tena baada yake.

Hapa chini kabisa ya umri, hata hivyo, hesabu ina mtego. Mtoto wa miaka minne asiyekwenda chekechea, anayeshinda na shangazi yake akijifunza rangi na kuimba, je, anasomea nyumbani au yuko nyumbani tu? Muulize mama yake kwenye kikundi cha kanisa, atasema anasomea nyumbani. Muulize bibi yake wa Murang'a au Siaya, atashangaa swali. Nchi zinazohesabu huanza kuhesabu pale sheria inapomlazimisha mtoto kusoma, na England hiyo ni miaka mitano. Ukianza kuhesabu miaka minne, utapata kiwango kikubwa ambacho nusu yake ni utoto wa kawaida tu. Kwa Kenya ningeanza Gredi ya Kwanza, miaka sita, na kuwaacha wa chekechea wacheze.

Ukivuka Gredi ya Nne, njia za familia hugawanyika. Wengi hurudi shuleni, na kurudi huko si kushindwa. Ndivyo walivyopanga tangu mwanzo. Wengine huendelea kufundisha nyumbani lakini wanatafuta shule iliyosajiliwa inayokubali kulibeba jina la mtoto, apate nambari ya tathmini, aje afanye kazi za KNEC na mtihani, na siku nyingine abaki kwao. Kwa orodha ya serikali huyo ni mwanafunzi kamili. Kwa mama yake ni mtoto wa nyumbani. Matokeo yake ni kwamba mstari unaoshuka baada ya miaka tisa unashuka kwa sababu mbili zilizosukwa pamoja: watoto waliorudi kweli, na watoto waliofichwa ndani ya orodha. Anayetazama orodha peke yake hawezi kuzitenganisha.

Kujificha huku kuna sababu ya kisheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa, na kukaidi ni kosa la jinai. Haiutaji ufundishaji wa nyumbani, kwa kuuruhusu wala kwa kuukataza. Sheria hiyohiyo inakataza kutoa elimu ya msingi bila kusajiliwa, na hapo ndipo vikundi vya Rongai vinapoingiwa na wasiwasi: familia tatu zinapochangia mwalimu mmoja na kumpa chumba katika nyumba ya mmoja wao, je, hiyo ni nyumba au ni shule isiyosajiliwa? Zikiwa saba je? Mwaka 2019 mzazi mmoja wa magharibi mwa Kenya alikamatwa kwa kuwafundisha watoto wake nyumbani, na suala hilo likafikishwa Mahakama Kuu kupinga vifungu vya sheria hiyo. Vifungu vile vimebaki. Tangu hapo, ukimuuliza mzazi wa Rongai dukani, "Mama Njeri, huyu wako anasoma wapi?", jibu linaweza kuwa la mzunguko: "Aah, yuko hapo juu, si mbali."

Sasa tufike kwenye kosa ambalo hata watafiti wazoefu hulifanya. Tuchukue mtaa wa kubuni wenye geti, tuuweke Nkoroi, tuupe watoto 40 wa miaka sita na 40 wa miaka kumi na miwili. Mwaka huu tunakuta wanne wa miaka sita wanasomea nyumbani, sawa na asilimia 10, na mmoja tu wa miaka kumi na miwili, asilimia 2.5. Kila mtu atasema: unaona, wanaacha wakikua. Pengine. Lakini turudi nyuma miaka sita, wakati hawa wa kumi na miwili walipokuwa na sita. Tukikuta kwamba wakati huo pia alikuwa mmoja tu, basi hakuna aliyeacha. Kilichotokea ni kwamba wazazi wa watoto wadogo wa leo ni watu tofauti na wazazi wa miaka sita iliyopita. Tukikuta walikuwa wanne, basi watatu kweli wamerudi shuleni. Picha ya leo ni ileile katika hali zote mbili, na maana yake ni kinyume.

Wataalamu wa takwimu za watu hutenganisha mambo matatu hapa. Kuna umri, yaani kile kinachompata kila mtoto akifika miaka fulani, kama Gredi ya Nne. Kuna wakati, yaani kile kinachowapata wote kwa pamoja wa umri wowote, kama Machi 2020 shule zilipofungwa. Na kuna rika, watu waliozaliwa karibu pamoja wanaobeba historia yao maishani. Kajiado haihitaji mgeni kuja kueleza hili la tatu. Wamaasai wamepanga jamii yao kwa marika tangu zamani. Vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja huwa wamorani pamoja na wazee pamoja, na jambo lililowakuta ujanani hukaa nao hadi mwisho. Ndivyo ilivyo kwa watoto waliokuwa Gredi ya Tatu mwaka 2019. Wao ndio waliotangulia katika kila hatua: Gredi ya Nne katikati ya korona, KPSEA ya kwanza Novemba 2022, sekondari msingi Januari 2023, KJSEA ya kwanza 2025, na Gredi ya 10 Januari 2026. Mzazi wa mtoto wa rika hilo aliyefikiria kumfundisha nyumbani hakuwa na mtu wa kumuuliza, maana hakuna aliyejua hatua inayofuata ingekuwaje. Hata waziri wa elimu aliyekuwepo, marehemu Profesa George Magoha, alikuwa akitangaza mambo mengine yakiwa yamebaki miezi michache. Watoto wa rika hilo wakionekana wachache nyumbani, sehemu ya sababu ni hofu ya kuwa wa kwanza. Walio nyuma yao kwa miaka minne wana ramani.

Kuna kundi moja linalokwenda kinyume na mkondo huu wote, na nadhani ndilo linalostahili macho zaidi. Hawa ni watoto wanaotoka shuleni kuingia nyumbani wakiwa na miaka minane, tisa au kumi: wenye usonji, wenye ugumu wa kusoma usiokuwa na jina kwa walimu wao, wenye kifafa, wenye kupooza ubongo. Gredi ya Kwanza mwalimu huwavumilia. Gredi ya Nne masomo yanaongezeka, darasa lina watoto wengi, na mzazi anaitwa ofisini. Kenya ina vituo vya kupima mahitaji ya elimu, EARC, tangu 1984, vilivyoanzishwa kwa msaada wa Denmark, na kituo kinaweza kupendekeza shule maalumu au kitengo ndani ya shule ya kawaida. Kupendekeza ni rahisi kuliko kupata nafasi, na nafasi ikipatikana huenda ni ya bweni, mbali. Kwa hiyo wakati ambapo mtoto wa jirani anarudi shuleni ili apate nambari ya tathmini, huyu anatolewa. Katika jumla wawili hawa wanafutana, na mstari unaonekana umetulia wakati kumbe kuna msukosuko chini yake. Hawa hawachagui nyumbani kwa maana ambayo vitabu vya elimu ya nyumbani vinaipa neno kuchagua.

Juu zaidi, miaka 14 hadi 17, mstari unaweza kuinuka kidogo tena, na hapo pesa huzungumza waziwazi. Mzazi aliyekata tamaa na mfumo wa taifa anaweza kuuacha kabisa na kufuata mtaala wa Cambridge au Edexcel, akamsajili mtoto kama mtahiniwa wa kujitegemea jijini Nairobi. Mitihani hiyo, kama KCPE ya zamani, haiulizi ulikuwa wapi Gredi ya Nne. Wengine hutumia vijitabu vya ACE, mtaala wa Kikristo ulioanza Texas mwaka 1970, ambao mtoto huusoma peke yake kijitabu baada ya kijitabu. Kizuizi kinakuja baadaye: chuo kikuu cha Kenya kitataka cheti hicho kilinganishwe na cha hapa, na ada za mitihani hulipwa kwa viwango vinavyofuata pauni. Mlango uko wazi, lakini si kwa kila aliyeanza akiwa na miaka sita.

Jambo hili la umri kufuata milango si geni katika nchi hii. Familia nyingi za wamishenari na walowezi wa zamani ziliwafundisha wadogo nyumbani, mara nyingi mama akiwa mwalimu, halafu mtoto akapelekwa bweni alipofikia umri wa shule kumpokea. Rift Valley Academy ya Kijabe ilianzishwa 1906 kwa ajili ya watoto wa wamishenari, na Theodore Roosevelt aliweka jiwe la msingi la jengo lake kuu mwaka 1909. Hakuna aliyewaita wazazi hao wakaidi. Na kwa Wakenya wengi wa leo bweni ndilo linalofunga kitabu: mtoto akifika kidato cha kwanza cha zamani, au Gredi ya 10 ya sasa, huondoka na sanduku lake la bati, awe alisomea nyumbani au la.

Je, tungetaka kuhesabu kweli, kwa Rongai na Kitengela tu, tungefanyaje? Shule haiwezi kuwa mahali pa kuanzia, kwa sababu tulizoziona. Ingebidi kuanzia mlangoni mwa nyumba, na kaunti tayari ina watu wanaopita milangoni: wahamasishaji wa afya ya jamii, waliopewa vifaa vyao mwaka 2023, wanaouliza chanjo na shinikizo la damu na kuandika kwenye simu. Maswali matatu yangetosha kwa kila mtoto wa miaka sita hadi kumi na saba. Amezaliwa mwaka gani? Wiki iliyopita alifundishwa na nani, na wapi? Jina lake liko kwenye orodha ya shule gani? La kwanza linatupa rika, la pili linatupa ukweli wa sasa, na pengo kati ya la pili na la tatu linatupa wale waliofichwa. Yarudiwe kila mwaka kwa nyumba zilezile, na baada ya miaka mitatu tutajua kama watoto wa mtaa wetu wa Nkoroi waliacha au hawakuwahi kuanza. Lakini maadamu sheria ya 2013 inasoma kama inavyosoma, anayeuliza swali la tatu lazima kwanza amhakikishie mama aliye mlangoni kwamba karatasi hiyo haitafika kwa chifu.